Biashara Huria na Jasho la Mwanamke

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, twaanza somo letu kwa swali tulilolizwa katika darasa. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alisimama akasema: "Binti yangu ataka kwenda kushona katika viwanda vya Changamwe. Wako waniambiao nimzuie, kwa kuwa kazi ile ni utumwa. Wako waniambiao nimwachie, kwa kuwa nyumba haina kitu. Nyinyi mnaosoma, mwasemaje?" Kabla hatujajibu, kijana mmoja akadakia kwamba viwanda hivi vimeletwa na biashara huria ya mataifa, nayo ni neema. Mwenziwe akasema ni balaa. Wakashindana mpaka ikaadhiniwa Isha, na mzee akaenda zake bila ya jawabu.

Sisi tuliobaki tuliona haya. Watu wa bandari, ambao riziki yetu tangu zama za majahazi yatoka ng'ambo, tulikuwa twabishana juu ya jambo ambalo hata mmoja wetu hakuweza kulieleza maana yake. Kwa hiyo tuliahidi kulisoma na kuliuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata. Twayaandika kwa utaratibu, ili msomaji ayapime kwa akili yake mwenyewe, wala asitufuate kwa kutuamini tu.

KWANZA: MAANA YA BIASHARA HURIA

Kila nchi ina forodha, na kila forodha ina ushuru. Ushuru una kazi mbili: kuipatia serikali fedha, na kuizuia mali ya kigeni isiingie kwa bei ya chini ikaua kazi za wenyeji. Zaidi ya ushuru kuna viwango, yaani serikali husema: mashati kadha wa kadha na yaingie mwaka huu, na yakitimia, mlango wafungwa. Biashara huria ni mapatano ya nchi mbili au zaidi ya kupunguza au kuondoa vizuizi hivi, ili mali ipite bila ya kusumbuliwa.

Hoja ya waitakao biashara huria ni ya zamani. Mwaka 1817 mwanachuoni wa Kiingereza, David Ricardo, aliandika mfano wa Uingereza na Ureno, na wa nguo na mvinyo. (Tusamehewe kuutaja mvinyo, lakini huo ndio mfano wake.) Alionyesha kwamba hata ikiwa Ureno yaweza kufanya vitu vyote viwili kwa kazi chache kuliko Uingereza, bado nchi zote mbili zitapata faida ikiwa kila moja itashika ile kazi ambayo hasara yake ni ndogo au faida yake ni kubwa zaidi, kisha zibadilishane. Hoja hii ina nguvu, wala si ya kudharauliwa. Mtu wa Lamu ajuaye kuunda jahazi hana haja ya kuacha shoka lake akalime mahindi.

Lakini na tuitazame vyema. Hoja ile yatuambia kwamba nchi itafaidi. Haituambii ndani ya nchi ni nani atakayefaidi, na ni nani atakayelipa. Nyumba yaweza kuongezewa chakula na bado mmoja wa wenyeji wake akalala na njaa. Tena Ricardo aliipima kazi yake yote kwa idadi ya wanaume, na ilhali katika viwanda vya pamba vya Uingereza vya zama zile, wengi wa waliosimama mbele ya mashine walikuwa wanawake na watoto. Tangu mwanzo, basi, aliyeishona hoja ya biashara huria kwa mikono yake hakuandikwa katika hesabu.

Mapatano makubwa ya mataifa juu ya ushuru yalitiwa saini mwaka 1947 baada ya vita, na tarehe 1 Januari 1995 yakazaliwa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu siku hiyo.

PILI: PWANI YETU YALIJUA JAMBO HILI TANGU ZAMANI

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo mapya kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na ushuru wa mali yao ukawekwa 5 kwa mia tu. Merikebu za mji wa Salem zikaja Unguja zikileta nguo nyeupe nzito isiyotiwa dawa, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Nguo ile wazee wetu waliiita merikani, na jina hilo limebaki mpaka leo. Ilivaliwa pwani nzima na bara, hata ikawa kama fedha ya misafara.

Je, merikani ilifumwa na nani? Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kama vile vya mji wa Lowell, ambako wengi wa wafumaji walikuwa wasichana waliotoka mashamba. Nao pamba yao ililimwa na watumwa weusi wa kusini ya nchi ile. Wasichana wale wa Lowell, walipopunguziwa ujira mwaka 1834, waligoma. Mwaka 1836, ilipoongezwa bei ya malazi na chakula katika nyumba za kampuni, waligoma tena. Miaka kumi baada ya mgomo wa kwanza, walikuwa wameunda chama chao wenyewe, wakidai kazi isizidi saa 10 kwa siku.

Twaitaja habari hii kwa mambo mawili. La kwanza, bibi zetu waliojifunga merikani walikuwa wamefungamana na mwanamke wa mbali wasiyemjua, na jasho lake lilikuwa mwilini mwao. La pili, hata huko Marekani, ambako leo twadhani haki zilikuwako siku zote, mwanamke wa kiwandani hakupewa haki yake kama zawadi. Aliidai, akashindwa, akaidai tena.

TATU: HABARI YA BANGLADESH

Sasa na tuitazame nchi ya Waislamu wenzetu, ambayo yatufundisha pande zote mbili za jambo hili. Bangladesh ilipopata uhuru mwaka 1971 ilikuwa maskini sana. Mwaka 1979 kampuni moja ya Chittagong ilipatana na kampuni ya Korea ya Kusini, ikawapeleka watu 130 huko kujifunza ushonaji wa viwandani. Waliporudi, elimu yao ilienea. Wakati huo mataifa makubwa yalikuwa yamewawekea Wakorea na wengineo viwango vya nguo, na Bangladesh haikuwa na kiwango, kwa hiyo wanunuzi wakaikimbilia. Leo nchi hiyo ni katika nchi zinazouza nguo nyingi kabisa duniani, na viwanda vyake vina mamilioni ya wafanya kazi, wengi wao wanawake.

Faida yake ni ya kweli, na mwenye insafu hawezi kuikana. Wachunguzi wawili, Rachel Heath na Mushfiq Mobarak, waliandika mwaka 2015 kwamba katika vijiji vilivyo karibu na viwanda, wasichana walichelewa kuozwa na kuzaa, wakakaa chuoni muda zaidi kuliko wa vijiji vya mbali. Sababu ni wazi. Kazi ya kiwandani yataka mtu ajue kusoma na kuhesabu, kwa hiyo wazazi waliona ya kwamba elimu ya binti ina malipo. Na msichana aletaye mshahara nyumbani huwa na neno lisikilizwalo.

Na sasa upande wa pili. Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza lilianguka likaua watu 1,134, wengi wao wanawake washonaji. Siku moja kabla yake nyufa zilionekana katika kuta. Benki na maduka yaliyokuwa chini ya jengo yalifungwa, na watumishi wake wakabaki kwao. Lakini washonaji waliamriwa warudi asubuhi, na wengine walitishwa kwamba wasiporudi watapoteza mshahara wa mwezi. Karani wa benki aliokoka, na mshonaji akafa, ilhali jengo lilikuwa moja na ufa ulikuwa mmoja. Tofauti yao ilikuwa kwamba yule aliweza kukataa na huyu hakuweza.

Msimamizi aliyewatisha alikuwa akiogopa nini? Alikuwa na oda yenye tarehe. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani hununua nguo kwa bei aitakayo na kwa siku aitakayo, na kiwanda kikichelewa, mnunuzi ahamia nchi nyingine, kwani mlango wa kila nchi u wazi. Basi mwenye kiwanda humsukuma msimamizi, na msimamizi humsukuma mshonaji, na mshonaji hana tena wa kumsukuma. Hii ndiyo siri ya jambo lote. Biashara huria huifanya mali iwe huru kwenda itakako, na huifanya rasilimali iwe huru kwenda itakako, lakini mwanamke mwenye mtoto mgongoni hana uhuru huo. Akaaye mahali pamoja hawezi kushindana kwa nguvu sawa na awezaye kuhama.

Baada ya msiba ule, dunia iliona haya. Mwezi wa Mei 2013 makampuni ya nguo na vyama vya wafanya kazi yalitia saini mkataba wenye nguvu ya sheria wa kukagua majengo na kuzuia moto, na maelfu ya kasoro yakatengenezwa. Mshahara wa chini, uliokuwa taka 3,000 kwa mwezi tangu 2010, ukapandishwa kuwa 5,300 mwaka 2013, na 8,000 mwaka 2018, na 12,500 mwishoni mwa 2023. Wanawake waliandamana kwa kila nyongeza katika hizi, na wengine walipigwa. Twaona basi kwamba viwanda havikukimbia Bangladesh kwa sababu milango ya kutokea moto ilifunguliwa. Wale wasemao kwamba haki ya mfanya kazi hufukuza biashara, na waijibu habari hii.

NNE: VIWANDA VYA KWETU

Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1990. Mwenye kiwanda katika maeneo hayo husamehewa kodi ya mapato miaka 10, kisha hulipa kodi ndogo miaka 10 mingine, na huingiza mashine na vitambaa bila ya ushuru. Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hapo mwanzo, pamoja na misamaha ya kodi, viwanda hivyo vilitolewa hata katika sheria ya ukaguzi wa usalama wa viwanda. Yaani tulimkaribisha mgeni, kisha tukamkabidhi na ufunguo wa chumba cha binti yetu. Mapema mwaka 2003, baada ya serikali mpya kuingia, maelfu ya wafanya kazi wa viwanda hivi waligoma wakilalamikia ujira, saa za kazi na kudharauliwa. Leo sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali pa kazi, na maeneo hayo nayo yamo.

Mlango mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000, Marekani ilipotunga sheria ijulikanayo kwa jina la AGOA, ya kuziruhusu nchi nyingi za Afrika kupeleka mali huko bila ya ushuru. Kwa nguo, faida hii ni kubwa, kwani ushuru wa Marekani juu ya baadhi ya nguo hufika hata 32 kwa mia. Tena nchi kama yetu ziliruhusiwa kushona kwa kitambaa kilichotoka nchi nyingine. Ndiyo maana viwanda vilizaliwa upesi Athi River, Nairobi, na huku kwetu Changamwe na Jomvu. Na ndiyo maana pia pamba ya mkulima wetu haikufufuka kama nguo zilivyofufuka. Kitambaa kilishuka Kilindini, kikashonwa, kikapanda meli tena. Kilichobaki kwetu hasa ni ujira wa mshonaji.

Kazi yenyewe tumeulizia kwa wanaoifanya. Mwanamke mmoja hashoni shati zima. Huyu hushona kola, na yule mkono, na wa tatu hutia vifungo, wote wamepangwa katika mstari mmoja, na kila saa ina idadi yake ambayo wenyewe waiita tageti. Asiyeifikia huchelewesha mstari mzima, na huaibishwa mbele ya wenzake. Kwa hiyo wengine hawanywi maji, wasije wakahitaji kwenda chooni. Wengi huandikwa kwa mikataba ya miezi michache, ikarudiwa na kurudiwa, na mja mzito huogopa kwamba mkataba wake hautarudiwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 yampa mwanamke miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Lakini haki hiyo yamfaa nini yule ambaye mkataba wake umekwisha mwezi wa saba wa mimba?

Na kwa nini wachaguliwe wanawake? Wenye viwanda husema vidole vyao ni vyepesi. Twasema hii ni nusu ya kweli. Wepesi wa vidole wamefundishwa na mama zao kwa miaka, bure, na kwa kuwa walifundishwa nyumbani, huhesabiwa kuwa si ujuzi na haulipiwi. Nusu ya pili ni kwamba mwanamke hudhaniwa ana mume wa kumlisha, basi mshahara wake huonekana ni wa nyongeza tu. Njoo mitaani utazame ni wangapi kati yao wanaolea watoto peke yao, na ni wangapi wanaomlisha mume asiye na kazi.

Zaidi ya hayo, riziki hii imetungikwa kwa uzi mwembamba. Viwango vya nguo vya dunia vilipoondolewa tarehe 1 Januari 2005, Uchina ikapata njia pana zaidi, na viwanda kadhaa vya Kenya vikafunga milango. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, wanunuzi walifuta oda zao hata za nguo zilizokwisha kushonwa. Mwaka 2025 Marekani iliongeza ushuru mpya juu ya mali za mataifa, na tarehe 30 Septemba mwaka huo muda wa AGOA uliowekwa mwaka 2015 ukafika mwisho wake. Itazameni Bukini nayo: mwaka 2009 serikali ilipinduliwa, na mwaka 2010 Marekani ikaitoa nchi katika AGOA mpaka 2014. Waliopindua walikuwa wanaume wenye bunduki, na waliofukuzwa kazi kwa maelfu walikuwa wanawake wenye sindano.

TANO: MSHONAJI NA MUUZA MITUMBA

Liko jambo jingine ambalo lastahili kuzingatiwa, kwani lagusa soko letu la Kongowea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilifungua milango kwa mali za nje, na mitumba ikaingia kwa wingi. Viwanda vyetu vikubwa vya nguo, kama kile cha Kisumu na kile cha Eldoret, vilidhoofika vikafungwa. Mitumba haikuwa sababu ya pekee, lakini ilikuwa sababu kubwa. Upande wa pili, mitumba iliwapa wanawake wengi biashara isiyotaka rasilimali nyingi, na ikamvisha maskini.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vya kwetu vifufuke. Mwaka 2017 wafanya biashara wa mitumba wa Marekani wakaishitakia serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi hizi faida ya AGOA. Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia neno lake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha ule.

Na tulifikirie jambo hili kwa makini. Mshonaji wa Changamwe aweza kuuza shati Marekani kwa sharti la kukubali kwamba shati hilohilo, likisha kuvaliwa, lirudi kuuzwa Kongowea. Ikizuiwa mitumba, muuzaji wa Kongowea ataabika. Ikiachwa, mshonaji wa soko la nyumbani hana kazi. Wanawake hawa wawili ni majirani, na huenda ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na biashara imewapambanisha bila ya wao kujua. Wala katika vikao vile vya 2016 na 2017 hatukusikia kwamba mmoja wao aliulizwa. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyika.

SITA: WALIO NJE YA VIWANDA

Wako na wengine ambao hawana mstari, wala tageti, wala mgomo. Wasusi wa mikeka ya miyaa, ambao husuka ukili barazani na uani, wameuona mkeka wa plastiki ukishuka kwa kontena na kuuzwa kwa bei ambayo wao hawawezi hata kununulia miyaa na rangi. Kofia ya mkono, yenye kazi ya majuma mengi, huwekwa dukani kando ya kofia ya mashine. Kazi hizi hazikufungwa kwa siku moja, kwa hiyo hazikuandikwa katika magazeti. Zilififia tu, na aliyekuwa akipata fedha yake ya mkononi sasa humwomba mumewe nauli.

Tena yako ya mpakani. Mwanamke avukaye Lunga Lunga kwenda Tanga na bidhaa yake ndogo ni mfanya biashara wa kimataifa kama mwenye meli. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu mwepesi wa hati kwa mali ya mdogo isiyozidi dola 2,000, ambayo asili yake ni ya nchi za jumuiya. Lakini wasioijua hati hiyo hupita njia za panya, na huko hutozwa na kila ajitokezaye, na huteswa. Hapa biashara huria ipo kwa sheria, na linalokosekana ni elimu. Eneo la Biashara Huru la Afrika, lililotiwa saini Kigali tarehe 21 Machi 2018, laahidi mlango mpana zaidi. Mlango huo utakuwa na maana gani kwa asiyejua mahali ulipo?

SABA: TWAMJIBU MZEE

Sasa twarudi kwa mzee wetu. Twasema kwamba kazi ya kushona ni kazi ya halali na ya heshima. Bibi Khadija alikuwa tajiri wa misafara, na hakuna aliyesema kwamba biashara ilimpunguzia kitu. Dini yetu imempa mwanamke fungu la alichokichuma, liwe lake, si la baba wala la mume. Imetuamuru kuharakisha ujira wa mfanya kazi, na imewalaani wapunjao vipimo katika sura nzima iliyoitwa kwa jina lao. Saa ya kazi isiyolipwa nayo ni kipimo kilichopunjwa.

Basi, mzee, usimzuie binti yako kwa neno la utumwa, wala usimwachie kwa neno la neema. Uliza kwanza. Mkataba ni wa maandishi? Umesomwa ukafahamika? Saa za ziada zalipwa? Zamu ya usiku ikiisha, atarudi na nani? Milango ya kutokea moto i wazi wakati wa kazi? Wafanya kazi wana chama? Kisha, akiisha kuajiriwa, usimnyang'anye mshahara wake ukaiita hiyo heshima ya mzazi.

Na sisi wengine tuna wajibu wetu. Ni rahisi kumlaumu mnunuzi wa New York. Je, yule msichana wa kazi aliyemo nyumbani mwetu, aamkaye kabla ya alfajiri na kulala baada ya wote, tumemwandikia saa zake? Tumempa siku ya kupumzika? Na huyu mke au dada arudiye kutoka kiwandani amechoka, kisha akasimama jikoni hali kaka zake wamekaa barazani wakijadili haki za wanyonge, naye hana haki? Mwenye kiwanda humpunja kwa saa 10, nasi twamalizia zilizobaki.

Twashauri mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, katika darasa zetu za jioni pafundishwe kusoma mkataba wa kazi na sheria ya kazi ya 2007, kwa Kiswahili, na wanawake wahudhurie. La pili, wanawake wa viwandani, wa sokoni na wa mpakani wakutane pamoja kabla serikali haijakwenda kufanya mapatano mengine, wapeleke neno moja kwa wabunge wao. La tatu, wasusi na washona kofia wajiunge katika ushirika, wanunue miyaa na nyuzi pamoja na wauze pamoja, kwani mmoja mmoja hana bei.

Biashara huria, basi, si neema wala si balaa kwa nafsi yake. Ni mlango. Aingiaye akiwa na elimu, na wenzake, na sheria nyuma yake, hupata kitu. Aingiaye peke yake huchukuliwa kitu. Sisi wanaume wa mji huu tumeukaa mlango huo miaka mingi tukihesabu mashehena, na hatukumhesabu mwanamke.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA DARASANI

1. Hoja ya Ricardo ni ipi, na ni jambo gani ambalo haituambii?
2. Kwa nini karani wa benki aliokoka Rana Plaza na mshonaji hakuokoka? Elezeni kwa maneno yenu.
3. Ikiwa mitumba itazuiwa, nani atafaidi na nani atapata hasara mtaani kwetu? Mngeamuaje?
4. Kila mmoja amuulize mwanamke mmoja afanyaye kazi, wa nyumbani mwake au wa jirani: hufanya kazi saa ngapi kwa siku, ya ujira na isiyo ya ujira? Majibu yaletwe katika darasa lijalo, nasi tutayasoma mbele ya mzee wetu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.